Duara Lililobaki Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Vidonge vinne asubuhi, pamoja na ile dawa ya kutoa maji. Nimekwenda msalani mara sita kabla ya saa nne. Miguu bado imejaa. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Kabula, binti yangu, amekwenda kufundisha. Ameniachia uji kwenye chupa.

Ijumaa daktari alisema moyo umechoka. Nikamwuliza miezi mingapi. Akaanza kupekua karatasi zake. Nilifundisha hesabu miaka kumi na tisa, namjua mtu anayekwepa jibu.

Nimemwomba Kabula kompyuta yake. Amedhani nataka kuandika wosia. Nimemwacha adhani hivyo.

Nataka kuifungua tena programu ya kiwandani, ile ya mashine ya kushindilia pamba. Nakala ninayo kwenye flashi. Miaka sita sijaigusa. Nataka kujua kwa hakika kama nilimwua Luhende, yule kijana wa mashine hiyo, au kama nimekuwa nikijitesa bure. Najua jibu. Lakini sijawahi kulijaribu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Macho yanauma. Nimesoma nusu ya mistari ya programu.

Niandike ilivyokuwa, kwa mpangilio. Kichwani huwa naipindapinda mpaka inipendelee.

Soko la pamba lilipofunguliwa, chama cha ushirika nilichokifanyia kazi kilidhoofika, tukapunguzwa. Wanunuzi binafsi wakaja. Mmoja akajenga kiwanda cha kuchambua pamba nje ya Bariadi. Mle ndani kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba mtu akipiga mayowe karibu nawe unaona mdomo tu. Meneja akataka skrini kwenye mlango wa chumba cha marobota. Iwe na duara kubwa. Jekundu, chuma cha kushindilia kinashuka, kaa mbali. Kijani, chuma kimesimama, waweza kuingiza mkono kuondoa pamba iliyokwama.

Aliniita mimi, mwalimu mstaafu niliyewahi kushika kompyuta za ushirika, kwa kuwa hapa hapakuwa na mwingine azijuaye. Nilijivuna. Nilijifunza lugha mpya ya kuchora skrini nikiwa na miaka sitini na sita.

Programu ilikuwa na pande mbili. Upande wa nyuma ulisoma mashine na kuweka hali yake ndani ya kigeu kimoja, yaani jina linalobeba thamani inayobadilika. Nilikiita inashindilia. Thamani yake ilikuwa kweli au si kweli, basi. Upande wa mbele ulikuwa skrini. Kule mbele hutoi amri. Unatamka tu: rangi ya duara ni nyekundu iwapo inashindilia ni kweli, vinginevyo ni kijani. Ukishatamka, kazi yako imekwisha. Kigeu kikibadilika kule nyuma, duara linafuata lenyewe. Pande mbili zinatazama kitu kimoja.

Niliona ni jambo zuri sana. Hata leo naona hivyo. Hilo nalo linanichukiza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu. Ni mimi.

Siku ile tajiri mwenye kiwanda alikuja na wageni. Kipimo cha kwenye mashine kilikuwa kimelegea, duara likawa linapepesa: kijani, jekundu, kijani, hata chuma kikiwa kimetulia. Meneja alisema nitamwaibisha mbele ya tajiri. Nikaongeza kitufe cha maonyesho, na nyuma ya kitufe mstari mmoja: duara liwe kijani. Nikakibonyeza.

Ile ilikuwa amri, nami niliiweka mahali pa tamko. Lugha ile ina sheria yake. Ukikiamuru kitu ulichokwisha kukitamkia, tamko linafutika, kimya kimya, bila onyo. Kuanzia hapo duara halikiulizi tena kigeu. Linabaki vile ulivyoliamuru mpaka programu izimwe na kuwashwa upya. Nilikuwa nimeisoma sheria hiyo. Niliipigia mstari kwa kalamu. Nikasema, wageni wakiondoka nitaufuta ule mstari wa kitufe.

Siku nyingine yoyote kosa lile lingejifuta. Msimu ule umeme ulikatika kila siku, mara mbili, mara tatu, na kila uliporudi programu ilianza upya. Siku ile haukukatika. Watu walifurahi. Meneja alisema tajiri amekuja na baraka.

Nilikwenda kula pilau na wageni.

Saa nane mashine iliwashwa. Luhende, mtu wa Nkololo, umri miaka ishirini na tisa, aliona pamba imekwama. Akatazama skrini. Kijani. Akaingiza mkono mpaka begani. Kule nyuma kigeu kilisema kweli. Huku mbele duara lilisema kijani.

Leo nimebonyeza kitufe kile kile, kisha nikakigeuza kigeu kwa mkono. Kweli. Si kweli. Kweli. Duara halikutikisika. Nimerudia mara tisa. Nilitaka mara moja tu linikanushe.

Ijumaa, 7 Machi

Pumzi fupi. Siandiki.

Jumapili, 9 Machi

Padri amekuja na Komunyo ya wagonjwa. Amenisikiliza maungamo. Kwa miaka sita nimekuwa nikimwambia nimesema uongo. Sikumwambia uongo gani. Leo nimemwambia. Akasema Mungu amesamehe, lakini kuna watu niliowanyima amani yao huku nikitaka kuipata yangu. Nimekasirika. Kisha nikaona amesema kweli.

Dhambi ya kwanza ilikuwa uzembe. Hiyo naweza kuibeba. Ya pili ni hii.

Wakati watu wanamtoa Luhende, mimi nilikwenda kwenye kompyuta. Nikaufuta mstari. Nikaiwasha upya programu. Wakaguzi walipofika walikuta duara linafuata mashine kama mtumishi mwaminifu. Nikaandika kwa mkono wangu: skrini ni nzima. Kwa saa ile ilikuwa kweli. Ripoti ikasema marehemu hakutazama.

Lakini wenzake wanne waliona kijani. Waliapa. Wakabaki na mambo mawili yasiyokaa pamoja: msomi anasema skrini ni nzima, na macho yao yanasema kijani. Nkololo walipata jibu kabla ya siku arobaini. Kuna mtu aliyewafunga macho kwa uchawi.

Mtu huyo wakampata nyumbani. Minza, mke mdogo wa marehemu baba yake Luhende. Ndiye aliyemlea Luhende tangu akiwa na miaka miwili, mama yake mzazi alipofariki. Hakuzaa. Macho yake, waliyosema ni ya mchawi, ni mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, kama ya kila mwanamke anayepika kwa kinyesi. Walimzuia kutupa udongo kaburini. Walimwezulia nyumba bati. Akaondoka na beseni moja.

Nilisikia habari hiyo sokoni wiki ile ile. Nilisema ni ujinga wao. Nilisema tena kwa Kiingereza, nikimsimulia mzungu wa kanisani. Nilitikisa kichwa kama mtu mwenye huruma. Mimi ndiye niliyewapa lile fumbo, nikawacheka walivyolifumbua.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Kabula yote. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

Alipomaliza alisema, "Baba, umebakiza siku za kuhesabu. Unataka kuzitumia kutukanwa?"

Nikasema ndiyo. Akasema na yeye je, atakayebaki hapa Bariadi akiitwa binti wa fulani. Ana haki ya kuchukia. Chakula cha jioni aliniwekea mezani bila kusema karibu.

Jumatano, 12 Machi

Miguu imepungua kidogo. Kabula hasemi nami.

Ijumaa, 14 Machi

Kabula ameongea. Amesema kesho ni Jumamosi, hana vipindi, amekodi gari. Amemtafuta Minza kupitia mwalimu mwenzake wa Busega. Yupo Kiloleli kwa kaka yake, anauza nyanya na vitunguu kando ya barabara. Hakuniangalia aliposema. Nilitaka kumshika mkono. Sikuthubutu.

Naogopa. Ni uoga wa kawaida kabisa, kama wa mwanafunzi.

Jumamosi, 15 Machi

Tumerudi. Nimechoka sana lakini niandike leo, kesho nitaanza kulainisha.

Njia ya kutoka nyumbani ilikuwa matope mpaka tulipofika lami. Nilipumzika mara mbili kwenye kiti cha nyuma, miguu juu. Minza alikuwa ameketi nyuma ya meza ya mbao, nyanya zimepangwa mafungu manne manne. Amekonda. Macho ni mekundu, kama nilivyosikia. Nikamwamkia kwa Kisukuma, mwadila mayu, habari mama. Akaitikia mhola, salama, akanitazama fimbo, akanitazama miguu, akamwambia Kabula aniletee ndoo nikalie. Alifikiri tumekuja kununua.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakapotea. Nikamwambia moja kwa moja: mimi ni mwalimu wa Bariadi, ndiye niliyetengeneza skrini ya kiwandani, nilikosea, ikabaki kijani, ndipo Luhende akafa. Na baada ya hapo nilificha. Nikamwambia najua yaliyompata kwa ajili hiyo.

Alizigeuza nyanya, upande ulioiva ukaangalia barabara. Mteja akaja, akamhudumia, akaondoka. Ndipo akasema:

"Mwalimu, hilo miaka sita nalijua. Nilijua sikumwua mwanangu. Wasiojua ni wa Nkololo. Kwangu umefuata nini?"

Nilikaa pale juu ya ndoo. Sijawahi kujibiwa hivyo maishani. Nilikuja kutua mzigo wangu kwa mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kuuweka. Sikuwa nimefikiri hata kidogo anachohitaji yeye. Nilifikiri nitalia, atanisamehe, nitarudi kufa.

Nikamwuliza anataka nini. Alisema anataka kufika kaburini. Hajawahi kuliona. Anasikia limejengewa kwa saruji.

Kisha akaniuliza kama Luhende alikufa palepale. Nikasema hapana. Akauliza kama nilikuwapo. Nikasema nilifika mwishoni. Akauliza aliita nani.

Hili nalo nililinyamazia miaka yote. Alikuwa akiita mayu.

Minza akafunga nyanya mafungu mawili kwenye mfuko, akampa Kabula, akakataa kulipwa. Kwenye gari Kabula alilia mpaka Lamadi. Mimi sikuweza.

Jumapili, 16 Machi

Nimelala kutwa. Kabula amenisogezea mto. Anasema nami sasa, lakini kwa sauti ya chini, kama niko mbali.

Jumatano, 19 Machi

Masunga ndiye kaka yake Luhende, ndiye mwenye mji wa baba yao sasa. Kabula amepata namba yake. Nimempigia mwenyewe. Nilisema jina langu na kwamba nina neno kuhusu kifo cha ndugu yake. Alidhani kiwanda kimenituma. Akasema waliotumwa walikwisha kuja zamani na viroba vya sukari, akakata.

Nilipiga tena. Nikasema kiwanda kiliuzwa, meneja alikwenda zake, hakuna anayenituma, ninakufa. Akasema niende Jumapili baada ya ibada. Akasema kama ni mimi wa ile skrini, niende nayo niwaonyeshe, maneno matupu wameyachoka.

Nimeandika maelezo kurasa mbili, nimeweka sahihi. Masunga atakwenda nayo atakako. Polisi, mahakamani, popote.

Jumamosi, 22 Machi

Daktari amesema nisisafiri. Nimemwambia sisafiri. Uongo mwingine. Nimeona niuandike.

Nimetengeneza programu ndogo ya kuonyesha. Duara moja. Chini yake maandishi makubwa: INASHINDILIA, KWELI au SI KWELI. Swichi moja, kitufe kimoja. Nimefuta kila pambo.

Jumapili, 23 Machi

Walikuwa kumi na wawili kibarazani kwa Masunga, bila kuhesabu wanawake waliokaa mlangoni. Kaburi liko nyuma ya zizi. Saruji, kama alivyosikia. Nilisimama pale kwanza. Sikuomba. Sikuona kama nina ruhusa.

Waliniwekea kiti. Kompyuta ikawekwa juu ya kigoda. Nikamwomba Masunga aishike swichi yeye, nisije nikaambiwa nimefanya kiini macho. Ana vidole vinene vya mtu wa jembe. Aliwasha: kweli, duara jekundu. Akazima: si kweli, kijani. Akarudia mara nyingi, polepole. Wengine wakasogea. Niliwaeleza kwamba huyu wa nyuma anajua na huyu wa mbele anasema, na kazi yangu ilikuwa kuwafunga pamoja wasiachane. Kisha nikamwambia abonyeze kitufe. Akabonyeza. Nikamwambia awashe mashine.

Kweli, yalisema maandishi. Duara likabaki kijani.

Akazima, akawasha. Akazima, akawasha. Mwanamume mmoja nyuma akasema kwa Kisukuma kwamba hivyo ndivyo walivyoona, hivyo hasa, na akaketi chini. Ni mmoja wa wale wanne. Miaka sita ameambiwa alifungwa macho.

Mabula, baba mdogo wa marehemu, alikuwa akiitazama miwani yangu. "Kumbe mchawi wetu anavaa miwani," alisema. Wawili watatu wakacheka. Mimi nikasema, kama mnamhitaji mchawi, ni huyu hapa, mwacheni yule mama. Hawakucheka tena.

Mabula hakuridhika. Alisema Minza ana nguvu, ameweza kumfuata hata mwalimu. Aliuliza ni nani aliyekifanya kichwa cha msomi kisahau mstari siku ile, na nani aliyeuzuia umeme usikatike. Nimesoma mpaka ng'ambo, na swali hilo sikuweza kulimaliza. Nilisema kichwa changu kilisahau kwa sababu ya pilau na sifa. Umeme sijui.

Masunga alisubiri mpaka nilipokuwa nasimama. Akaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nikasema niliogopa aibu. Akasubiri, akidhani kuna jingine. Hapakuwa na jingine.

"Bati niliezua mimi," alisema. "Kwa mikono yangu. Yeye ndiye aliyeshika ngazi nisianguke."

Sikuelewa. Mtu mmoja akanieleza njiani kwenda kwenye gari. Siku ile ngazi iliteleza, na Minza, aliyekuwa amesimama chini akitazama nyumba yake ikivuliwa paa, ndiye aliyeidaka.

Jumatatu, 24 Machi

Hospitali. Oksijeni. Mwandiko mbaya.

Alhamisi, 27 Machi

Nimerudishwa nyumbani. Wamesema ni bora nyumbani. Nimeelewa.

Hakuna habari kutoka Nkololo. Kabula anasema sokoni wameanza. Mwanamke mmoja alimwambia usoni kwamba baba yake ameua mtu akanyamaza, na sasa anataka sifa ya kusema. Kabula alimjibu kwamba ni kweli. Kisha akanunua viazi. Nilimwomba radhi. Akasema nile kwanza.

Huenda nimefanya kazi bure. Huenda Mabula amewashinda. Nilidhani nikisema nitakuwa mwepesi. Si mwepesi. Nimekuwa tu mtu anayejulikana.

Jumamosi, 29 Machi

Maji yamepanda kifuani. Siwezi kulala chali. Nauamuru mkono, unafika nusu.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua imekatika. Masunga amepiga simu saa saba. Kabula ameniwekea sikioni.

Alikwenda Kiloleli jana mwenyewe, kwa baiskeli mpaka barabarani, kisha basi. Minza alifunga meza yake, akamfuata. Wamefika leo asubuhi. Minza amekaa kaburini mpaka jua likawa kali. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemfukuza. Mabula alitoka pale nyumbani akasema ana kazi shambani.

Kisha Minza akaingia jikoni bila kukaribishwa. Akaomba unga. Mke wa Masunga alimpa, akasimama mlangoni na watoto nyuma yake. Minza akasonga ugali, akapika mlenda, akatenga kibarazani, akanawa, akakaa pembeni bila kuwatazama. Miaka sita hakuna wa ukoo ule aliyegusa chakula cha mkono wake.

Masunga alinawa, akala. Mke wake akakaa. Baadaye na watoto.

Sikuwa na pumzi ya kumwuliza kama Minza atabaki. Masunga alisema bila kuulizwa. Kesho anarudi Kiloleli, nyanya zake zitaoza.

Kisha akasema chumvi ilizidi sana kwenye mlenda. Hakuna aliyemwambia Minza. Walimaliza wote.